Kanada Ilipokuja Al Rayyan: Somo la Mwaka 2022 kwa Sisi Wenye Pasi Moja



Leo naomba nizungumzie Kanada. Najua wapo watakaocheka. Mtu anaishi Al Rayyan, pembeni ya Doha, kwenye joto la kukaushia dagaa, halafu anatuletea habari za nchi ya barafu! Vumilieni kidogo. Mwaka 2022 Kanada ilikuja hapa hapa mtaani kwetu, ikacheza mechi mbili za Kombe la Dunia ndani ya siku tano, na yaliyotokea katika mechi hizo yanatuhusu sisi Watanzania kuliko tunavyotaka kukiri.

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: hoja yangu ni ya uraia pacha, ya kura ya mtu aliye nje, na ya serikali kujibu maswali ya wananchi wake. Wanaodhani mada hizi zimechuja wana haki ya kuishia hapa. Wengine tuendelee.

Jambo la pili la kusema mapema: mimi binafsi sina cha kupata katika uraia pacha. Siishi Toronto wala Minnesota. Niko Ghuba, na Ghuba haigawi uraia kwa mbeba maboksi. Sheria ya uraia ya Qatar ya mwaka 2005 inataka mgeni awe amekaa nchini miaka 25 kabla hata ya kufikiriwa, na wanaofikiriwa ni wachache sana. Sisi hapa tunajijua: mkataba ukiisha, kadi ya ukaazi inaisha, unafunga begi. Nina pasi moja tu, ya Tanzania, na nitazikwa nayo. Kwa hiyo asije mtu akasema huyu anapigia debe tumbo lake.

MWAKA WENYEWE ULIKUWAJE

Tuanze na Kanada yenyewe, maana wengi wetu tunaijua kwa picha za theluji na simulizi za shemeji aliyepata makaratasi. Mwaka 2022 haukuwa mwaka wa raha kule.

Mwishoni mwa Januari madereva wa malori waliingia Ottawa, mji mkuu, wakipinga masharti ya chanjo ya korona. Wakaegesha malori mbele ya Bunge, wakapiga honi usiku na mchana kwa muda wa wiki tatu hivi. Wengine wakaziba daraja la Ambassador pale Windsor, ambalo ni njia kuu ya biashara kati ya Kanada na Marekani. Februari 14, Waziri Mkuu Justin Trudeau akatangaza kutumia Sheria ya Dharura ya mwaka 1988, ambayo ilikuwa haijawahi kutumika tangu itungwe. Akaunti za benki za baadhi ya waandamanaji zikazuiwa, polisi wakasafisha mji, na Februari 23 dharura ikaondolewa.

Julai, Papa Francis akafika. Hakwenda kukata utepe. Alikwenda Maskwacis, Alberta, Julai 25, kuwaomba radhi wenyeji asilia kwa yale yaliyofanyika katika shule za bweni ambazo serikali ilizianzisha na makanisa yakaziendesha. Zaidi ya watoto 150,000 walipelekwa kwenye shule hizo, wengi wakitenganishwa na wazazi wao kwa nguvu, wakikatazwa hata kusema lugha ya mama zao. Shule za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Kwa hiyo tusije tukadanganyana kwamba Kanada ni pepo. Nchi ile ina deni kubwa kwa waliokuwepo kabla ya wote.

Septemba 8 Malkia Elizabeth akafariki, na Kanada, ambayo yeye alikuwa mkuu wake wa nchi kwa miaka 70, ikaomboleza. Wengine walilia, wengine wakauliza kwa nini hadi leo mkuu wa nchi yao anakaa London. Oktoba idara ya takwimu ikatoa matokeo ya sensa ya 2021: watu milioni 8.3, yaani asilimia 23 ya wakazi, ni wahamiaji. Takribani mmoja katika kila wanne! Haijawahi kuwa kiasi hicho tangu nchi hiyo iundwe mwaka 1867. Na Novemba serikali ikatangaza mpango wa kupokea wakazi wapya 500,000 ifikapo 2025. Baadaye, Oktoba 2024, walipunguza lengo hilo hadi 395,000 kwa sababu nyumba zilikuwa hazitoshi na wananchi wamelalamika. Nalitaja hili ili mtu asije akaniambia nimeficha upande wa pili wa shilingi.

Katikati ya yote hayo ilikuwepo timu ya mpira. Machi 27, 2022 Kanada iliichapa Jamaika 4-0 pale Toronto ikafuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1986. Juni 5 wachezaji hao hao waligoma kucheza mechi ya kirafiki na Panama kule Vancouver, wakidai mgao wa haki wa fedha za Kombe la Dunia. Mechi ikafutwa mashabiki wakiwa wameshanunua tiketi. Hakuna aliyewaita wasaliti wa taifa wala kuwauliza baba zao walizaliwa wapi. Ulikuwa mgogoro wa mfanyakazi na mwajiri, basi.

SIKU TATU ZA UWANJA WA AHMAD BIN ALI

Sasa tuje Al Rayyan. Uwanja wa Ahmad bin Ali uko jirani na lile duka kubwa la Mall of Qatar, treni ya mstari wa kijani inakushusha mlangoni. Sisi wakazi tuliuziwa tiketi za daraja la nne kwa riyali 40, na wafanyakazi wengi waliojenga na kusafisha mji huu walifanikiwa kuingia kwa bei hiyo. Wengine waliangalia kwenye skrini kubwa kule Asian Town, eneo la viwanda.

Novemba 21, Marekani dhidi ya Wales. Dakika ya 36 Timothy Weah anaifungia Marekani. Baba yake, George Weah, wakati huo Rais wa Liberia na mwanasoka bora wa dunia wa mwaka 1995, alikuwa jukwaani akishuhudia. Baba mwenyewe hakuwahi kucheza Kombe la Dunia hata mara moja, maana Liberia haijawahi kufuzu.

Siku mbili baadaye, Novemba 23, saa nne usiku, uwanja ule ule, Kanada dhidi ya Ubelgiji. Dakika za mwanzo tu Kanada wanapata penalti. Anayepiga ni Alphonso Davies. Huyu kijana alizaliwa Novemba 2000 katika kambi ya wakimbizi ya Buduburam nchini Ghana, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita ya Liberia. Alifika Kanada akiwa na miaka mitano. Juni 2017 alipewa uraia, na wiki hiyo hiyo iliyofuata akaichezea timu ya taifa akiwa na miaka 16. Thibaut Courtois akaipangua penalti yake. Dakika ya 44 Michy Batshuayi, mzaliwa wa Brussels mwenye wazazi kutoka Kongo, akaifungia Ubelgiji bao pekee. Refa alikuwa Janny Sikazwe wa Zambia.

Hebu tulitazame jambo hili taratibu. Katika siku tatu, kwenye uwanja mmoja, mtoto wa Rais wa Liberia anaifungia Marekani, mtoto wa wakimbizi wa Liberia anakosa penalti ya Kanada, mtoto wa Kongo anaipa Ubelgiji ushindi, na filimbi iko mdomoni mwa Mzambia. Afrika ilikuwa imejaa uwanjani kuliko mataifa yaliyoandikwa ubaoni! Swali ni moja tu: nani alipata faida ya damu hiyo?

Na kuna jambo ambalo wachambuzi wa mpira hawakuligusa. Liberia ilikuwa na sheria ya mwaka 1973 iliyomvua uraia Mliberia yeyote aliyechukua uraia wa nchi nyingine. Kwa miongo kadhaa Waliberia wa nje walipiga kelele, wakaambiwa ni wasaliti, ni matajiri watakaonunua nchi, subirini. Julai 2022, miezi minne kabla ya mechi hizo, sheria ile ikarekebishwa na uraia pacha ukaruhusiwa. Nchi iliyopitia vita mbili za wenyewe kwa wenyewe, yenye sababu zote za kuogopa watu wa nje, imepiga hatua hiyo. Sisi tunaojisifu kuwa kisiwa cha amani tumeishia wapi?

Novemba 27, uwanja wa Khalifa, ambao nao uko ndani ya manispaa hii ya Al Rayyan. Kanada dhidi ya Kroatia. Sekunde ya 68 Davies anaruka na kupiga kichwa, bao! La kwanza kwa wanaume wa Kanada katika historia ya Kombe la Dunia, maana mwaka 1986 walitoka bila kufunga hata moja. Kroatia walirudisha na kushinda 4-1. Lakini kilichonikaa rohoni ni golikipa wa Kanada, Milan Borjan. Huyu alizaliwa Knin, ndani ya Kroatia, katika familia ya Waserbia waliokimbia mwaka 1995 na hatimaye wakafika Kanada. Usiku ule baadhi ya mashabiki wa Kroatia walimzomea kwa kukimbia kwao, na wakaleta bango la kuwakejeli waliotoroka na matrekta. FIFA ikalipiga faini shirikisho la Kroatia. Mtu aliyefukuzwa alikozaliwa amesimama golini kwa nchi iliyompokea, anatukanwa na waliomfukuza. Nani hapo aliyeshindwa, hata kama ubao unasema 4-1?

Kanada ilifungwa mechi zote tatu, ikaenda nyumbani bila pointi. Wenyeji Qatar nao walifungwa zote tatu. Kwa mtazamo wa pointi ulikuwa mwaka wa hasara. Mimi nasema katika mambo ya taifa hesabu hazifanywi hivyo.

1972: MWAKA AMBAO HATA SISI TULIKUWA KANADA

Wapo watakaosema: wewe unatuletea Kanada, nchi ya wahamiaji, sisi ni nchi ya wenyeji, hatufanani. Nakubali hatufanani. Lakini turudi nyuma miaka 50 kabla ya mwaka huo wa mpira.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Waziri Mkuu wa Kanada wakati huo, Pierre Trudeau, baba yake Justin, akafungua mlango. Ndege ya kwanza ikatua Montreal mwishoni mwa Septemba, na zaidi ya watu 6,000 wakapokelewa. Wengi walishuka na koti la baridi la kuazima na mkoba mmoja. Miongoni mwao alikuwemo mtoto mchanga aliyezaliwa Kampala, Arif Virani, ambaye mwaka 2023 alifanywa Waziri wa Sheria wa Kanada. Mwaka huo huo wa 1972 alizaliwa Toronto Naheed Nenshi, mtoto wa wazazi waliohamia kutoka Tanzania. Akawa Meya wa Calgary kuanzia 2010 hadi 2021. Ahmed Hussen, aliyekwenda Kanada kijana mkimbizi kutoka Mogadishu, alikuwa waziri katika serikali ya mwaka 2022. Afrika Mashariki ilipoteza, Kanada ikapata.

Lakini 1972 ni mwaka mwingine pia. Ndio mwaka wa mauaji ya Burundi, na maelfu kwa maelfu walivuka kuingia Tanzania. Tuliwapokea. Tukawapa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Hawakukaa wakisubiri mahindi ya msaada, walilima wakajilisha na wakauza ziada. Na miongo kadhaa baadaye Tanzania ilifanya jambo ambalo ni nchi chache duniani zimethubutu: iliwapa uraia watu zaidi ya 160,000 kwa mkupuo, waliotoka 1972 na watoto wao. Uamuzi huo ulisifiwa na Umoja wa Mataifa, na ulistahili.

Kwa hiyo roho ya kupokea tunayo. Hatujifunzi kwa Kanada namna ya kumkaribisha mgeni. Tatizo letu ni la ajabu zaidi: tunajua kumpokea wa kuja, hatujui kumshika wa kwetu anayetoka. Mtu wa Mishamo tumemwambia karibu, wewe ni Mtanzania. Mtoto wa Kilosa aliyekwenda kusoma Edmonton, akafanya kazi, akachukua pasi ya Kanada ili asiondolewe kazini, tumemwambia kwaheri. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 haina mjadala: ukiwa mtu mzima ukachukua uraia wa pili kwa hiari, wa kwanza umekwenda.

Mwezi Januari 2025 wachezaji watatu wa kigeni wa klabu ya Singida Black Stars walipewa uraia wa Tanzania. Sina ugomvi na vijana wale, riziki ni popote, na sheria inamruhusu mgeni kuomba. Lakini fikirini mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa Calgary au Muscat au Leicester, mwenye kipaji cha mpira, udaktari au kompyuta. Akifika utu uzima anaambiwa achague mzazi mmoja amkane. Mgeni anaingia mlango wa mbele huku mwenye nyumba anatolewa kwa dirisha. Kuna mantiki gani hapo?

HOJA ZA WANAOPINGA

Tusiwadharau wanaopinga, wana hoja, na hoja hujibiwa kwa hoja.

Kwanza wanasema: usalama wa taifa. Mtu hawezi kutumikia mabwana wawili. Jibu langu: kashfa ya EPA, Richmond, Escrow, hakuna hata moja iliyohitaji uraia pacha ili itokee. Nchi inaweza kuibiwa na mwenye pasi moja, na inaweza kupendwa na mwenye mbili. Kama hofu ni nafasi nyeti, sheria inaweza kutamka wazi kwamba Rais, Mkuu wa Majeshi na wa aina hiyo wawe na uraia mmoja. Kenya iliruhusu uraia pacha katika Katiba ya 2010, na katiba hiyo hiyo ikawabana maofisa wa serikali. Uganda, Rwanda na Burundi nazo wameruhusu. Hatujasikia kwamba nchi hizo zimeuzwa na wanadiaspora wao.

Pili, wanasema: wenye fedha za nje watakuja kunyakua ardhi. Hii ni hofu ya kweli, mimi nimetoka kijijini naielewa. Lakini wanaochukua maelfu ya ekari leo ni makampuni kupitia vibali vya uwekezaji. Mjukuu anayetaka kujenga nyumba ya vyumba vitatu kwenye kiwanja cha bibi yake si mnyakuzi.

Tatu, na hii ni nzito zaidi, kuna suala la Zanzibar. Wapo waliokimbia mwaka 1964 na baada yake, wako Oman, Emarati, Uingereza, na hapa Qatar pia utawasikia wakizungumza Kiswahili safi kuliko cha Kariakoo. Wengine wanaogopa kwamba uraia pacha utafufua madai ya nyumba na mashamba. Sitadharau jambo hilo, lina makovu ya pande zote mbili. Ila suala la mali lina sheria zake na linaweza kutenganishwa na suala la uraia kwa kifungu kimoja tu. Na miaka 60 imepita. Wajukuu wanaokuja Unguja wanakuja kutafuta kaburi la babu na kula urojo wa Forodhani. Tutawaogopa mpaka lini?

Serikali imechagua njia ya katikati: hadhi maalumu. Wazo hilo lilikuwemo hata kwenye Katiba Inayopendekezwa ya 2014, iliyokwama bila kupigiwa kura, na sheria zikarekebishwa mwaka 2025 ili kuifungulia njia. Ni hatua, sitaibeza. Lakini tuitane kwa majina: hadhi maalumu ni kibali cha mgeni anayependwa. Anayekupa anaweza kukunyang'anya. Mimi ninayeishi kwa kadi ya ukaazi najua tofauti ya kibali na haki. Kampuni niliyoanza nayo hapa ilikaa na pasi yangu kabatini miezi minane, kinyume cha sheria za nchi hii hii, na kila nilipoiomba niliambiwa njoo kesho. Tangu siku hizo ninajua kwamba kitu ambacho mwenzio ameshika ufunguo wake huwezi kukiita chako.

KURA NA MAJIBU

Mwaka ule ule 2022 kulitokea jambo jingine lililotuunganisha na Kanada, na wengi hawakulitilia maanani. Agosti 9 Wakenya walipiga kura. Kwa mara ya kwanza tume yao iliweka vituo vya diaspora katika nchi kama Kanada, Marekani, Ujerumani, Emarati na Qatar. Walioandikishwa nje walikuwa kidogo tu zaidi ya elfu kumi, si idadi ya kubadili Rais. Lakini tafakarini: mlinzi wa getini hapa Doha, kijana wa Kisii au Kakamega anayesimama saa 12 juani, alikwenda akapaka wino kidole sawa na profesa wa Toronto. Sisi majirani zao chumbani tulibaki kuwatazama. Mtanzania aliye nje hajawahi kupiga kura ya Rais akiwa nje, hata awe na pasi moja na utii wa asilimia mia. Kwa hiyo wale wanaotuambia "leteni kwanza uzalendo ndio mpewe haki", mimi na wenzangu wa Ghuba uzalendo tunao, pasi ni moja, pesa tunatuma kila mwezi. Kura yetu iko wapi?

Na vijana hao wa ulinzi hulipa gharama. Desemba 2022 mlinzi mmoja kijana kutoka Kenya alianguka akiwa kazini katika uwanja wa Lusail, akafariki siku chache baadaye hospitalini. Mtu kama huyo hana hata diwani wa kumsemea, kwa sababu kwa mwanasiasa asiyepigiwa kura na watu wa nje, watu wa nje ni namba ya fedha zinazoingia tu.

Jambo la mwisho. Nimesema Trudeau alitumia Sheria ya Dharura mwezi Februari. Sheria ile ina kifungu kinacholazimisha uchunguzi wa wazi kila inapotumika. Haimwachii Waziri Mkuu nafasi ya kuamua kama anapenda. Tume ya Jaji Paul Rouleau ilisikiliza mashahidi zaidi ya 70 hadharani kuanzia Oktoba. Novemba 25, 2022, siku mbili baada ya mechi ya Ubelgiji na siku mbili kabla ya ile ya Kroatia, Justin Trudeau alikaa kwenye kiti cha shahidi, akala kiapo, akaulizwa na mawakili, wakiwemo wa waandamanaji waliomtukana. Februari 2023 Rouleau akasema vigezo vya kisheria vilikuwa vimetimia, ingawa aliukosoa utendaji. Januari 2024 hakimu wa Mahakama ya Shirikisho akasema kinyume, kwamba serikali haikuwa na haki. Mnaweza kuchagua upande. Mimi ninachokiona ni mtawala aliyelazimika kujibu kabla mwaka haujaisha.

Kwetu tume zipo, tusiseme hazipo. Baada ya damu iliyomwagika Pemba na Unguja Januari 2001 iliundwa tume ya Brigedia Hashim Mbita. Baada ya vurugu za uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 Rais Samia aliunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Lakini kwa sheria yetu tume ya uchunguzi ni hiari ya Rais. Akitaka anaunda, asipotaka basi. Anayechunguzwa ndiye anayeteua mchunguzi, anampa hadidu za rejea na anapokea ripoti. Hapo ndipo penye tofauti, na tofauti hiyo haitokani na rangi wala baridi. Imeandikwa katika kifungu, na vifungu hata Dodoma vinaweza kuandikwa.

TUFANYE NINI

Sipendi makala zinazolalamika kisha zikaondoka. Napendekeza mambo matatu.

Moja, Sheria ya Uraia irekebishwe ili Mtanzania wa kuzaliwa asipoteze uraia wake kwa kuchukua mwingine, na nafasi nyeti ziorodheshwe ndani ya sheria. Waanze hata na wa kuzaliwa peke yao, ili hofu ya wanunuzi wa uraia iishe.

Mbili, uchaguzi ujao ukute vituo vya kura za Rais kwenye balozi zetu. Waanze na chache, kama walivyoanza Kenya: Doha, Muscat, London, Washington, Ottawa. Hili halihitaji hata kusubiri uraia pacha, maana sisi wa Ghuba ni raia kamili leo.

Tatu, kuwe na sheria inayolazimisha uchunguzi huru na wa wazi kila dola inapotumia nguvu kubwa dhidi ya wananchi, ikitaja muda wa kuanza, muda wa kumaliza, na lazima ripoti ichapishwe.

Wenzetu mlio Kanada, msituone sisi wa Ghuba kama watu wa kazi za muda tusiohusika na mijadala yenu. Na sisi tuache kuwaita nyie walioukana uraia. Wote tumetoka nyumba moja na wote tunagonga mlango ule ule. Alphonso Davies alikosa penalti Jumatano, Jumapili akapewa jezi ile ile akafunga. Nchi yake haikumwambia arudi Buduburam. Mtoto wetu wa Edmonton naye anangoja kusikia kutoka kwetu kwamba jezi yake bado ipo.

Naomba kutoa hoja.